Mama Mapacha na Kamusi Tatu

Mpaka leo mtu akisema mbele yangu kwamba kompyuta haikosei, nainuka naondoka. Si kwamba anasema uongo. Kompyuta haikosei kweli, inafanya ulichoiambia, na hilo ndilo linaloniudhi, kwa sababu huna wa kumkunja shati.

Miaka ile watu wa Burundi walipoanza tena kuvuka kwa wingi, nilipata kazi kwenye ofisi moja ya kuwatafuta watoto waliopotezana na wazazi wao. Ofisi yenyewe ilikuwa nyumba ya kupanga hapa Kigoma mjini, sebule yenye meza chache na feni iliyozunguka pale umeme ulipojisikia. Walinichukua kwa sababu nilisoma kuandika programu kidogo chuoni, na zaidi kwa sababu nilizaliwa kijijini Simbo, kwenye familia iliyovuka ziwa zamani wakati wa babu. Kirundi nilikikuta nyumbani, Kiha nikakipata kwa majirani, Kiswahili nikapewa shuleni kwa fimbo.

Mwenzangu wa kazi alikuwa kijana kutoka Dar es Salaam, mtaalamu hasa, mpole, mwenye kofia asiyoivua hata ndani ya nyumba. Alikuwa akiliita ziwa letu bahari, nami nikimrekebisha kila siku mpaka akawa anafanya makusudi. Programu nzima aliiandika yeye. Kazi yangu ilikuwa kuipitia, kuongea na makarani, na kuwaeleza akina mama waliokuja mlangoni kile ambacho kompyuta ilikuwa imesema.

Habari zilikuja kutoka sehemu tatu. Kulikuwa na ufukwe wa mpakani, kaskazini huko, ambako watu walilala mchangani chini ya mlima wakingoja meli. Kulikuwa na uwanja wa mpira hapa mjini, ambako meli ikiwashusha walipelekwa kupumzika. Halafu kulikuwa na kambi, bara, ambako mabasi yaliwafikisha mwisho. Kila sehemu ilikuwa na makarani wake, na kila sehemu ilikuwa na kamusi yake.

Kamusi, kwenye lugha ya kompyuta tuliyoitumia, si ile nene ya shuleni, ingawa zinafanana. Upande huu unaweka neno, upande ule maana yake. Neno tunaliita ufunguo, maana tunaiita thamani. Kwetu ufunguo ulikuwa jina la mtoto pamoja na jina la mama yake, na thamani ilikuwa mahali mtoto alipo na mtu aliye naye. Unaiuliza kamusi kwa ufunguo, inakujibu kwa thamani.

Kila jioni kamusi zile tatu ziliunganishwa kuwa moja, kwa mistari miwili tu ya programu. Kanuni ya kuunganisha ilikuwa nyepesi: ufunguo mmoja ukikutwa kwenye kamusi mbili, thamani ya kamusi iliyokuja nyuma inabaki, ile ya mbele inafutwa. Programu haikuulizi wala haikuonyi. Na mwenzangu hakuichagua kwa uvivu, maana ndivyo watoto walivyosafiri. Leo mtoto yuko ufukweni, baadaye yuko uwanjani, mwisho yuko kambini. Habari ya kambini ndiyo mpya, ya ufukweni imeshapitwa. Ukimwonyesha mtu yeyote mwenye akili zake mistari ile, atakwambia ni kazi safi.

Basi, katika siku hizo hizo, mama mdogo wangu, anayemfuata mama kuzaliwa, akatufikia Simbo na mtoto mmoja mkononi.

Alikuwa na pacha wa kiume, wakubwa kiasi cha kukimbia na kupigania mpira wa makaratasi. Kule ufukweni wavuvi wa Katonga waliokuwa wakirudi walikubali kumchukua kwenye boti yao, lakini boti ilikuwa imejaa na wakamwambia mtoto mmoja tu. Yule mdogo ndiye aliyekuwa na homa. Akambeba mdogo, na mkubwa akamwachia jirani yake wa kijijini, mwanamke waliyelima naye bega kwa bega miaka yote, aje naye kwa boti ya pili. Alishuka Katonga akaketi mchangani, penye dagaa walioanikwa, akaangalia maji. Boti ya pili haikuja. Wavuvi wakamwambia ziwa limechafuka na hawaendi tena upande ule.

Alipomaliza kutusimulia haya, mama alimsogezea uji, naye akaushika tu bila kunywa. Yule mdogo alikuwa amekaa mlangoni. Nilimpa biskuti. Akanyoosha na mkono wa pili.

"Na ya mkubwa," akasema.

Hapo lazima nieleze mambo ya nyumbani. Kwetu pacha hapewi kimoja. Ukimpa mmoja kipande cha muwa umempa na mwenzake, awe yupo au hayupo, maana atampelekea. Ukimsalimia mmoja unawasalimia wote wawili. Hata majina yao hayawahangaishi wazazi: anayetangulia kutoka ana jina lake, anayefuata ana lake, na majina hayo ni yale yale kwa pacha wote, tangu zamani, nchi nzima. Na mama yao, siku anayojifungua, jina lake la usichana linawekwa kando. Anakuwa Mama Mapacha kwa mumewe, kwa mashemeji, kanisani na sokoni. Ni heshima kubwa. Anayemwita kwa jina lake la kuzaliwa anaonekana hakufunzwa adabu kwao.

Nilimpa mtoto biskuti ya pili. Aliishika mpaka ikamong'onyoka kiganjani.

Kesho yake nilifika ofisini nikafungua kompyuta hata kabla ya kusalimia. Niliandika jina la pacha mkubwa, nikaandika Mama Mapacha, nikabonyeza. Kamusi ikajibu bila kusita: yuko kambini, analelewa na familia, ni mzima.

Nilipiga kelele mpaka mwenzangu akadondosha kofia. Nikapiga simu nyumbani, na mama akapiga vigelegele ndani ya simu hadi nikaiweka mbali na sikio. Mama mdogo hakupiga. Nilisikia akiomba apewe simu.

"Mwanangu, wamesema mzima? Neno lenyewe ni hilo, mzima?"

"Ego, ndiyo, mama mdogo. Mzima."

"Imana ishukuriwe," akasema, akimtaja Mungu kwa Kirundi chake, kisha nikamsikia akilia kwa furaha, kilio ambacho sijawahi kumsikia tena.

Mama alishuka Mwandiga siku ya soko akanunua mashati mawili ya njano, yanayofanana mpaka vifungo. Mdogo alivalishwa lake pale pale. La mkubwa lilikunjwa, likawekwa kwenye mkoba wa mama mdogo, na safari nzima ya kwenda kambini hakuuweka mkoba ule chini wala kukubali mtu ampokee. Mimi nilikuwa naringa. Ndiyo, naringa, niliwaeleza abiria wenzangu kwamba mtoto amepatikana kwa kompyuta.

Kambini tulipelekwa kwenye kibanda cha ile familia. Mwanamke mlezi akaingia ndani akatoka amemshika mtoto mkono. Alikuwa mtoto msafi, amepakwa mafuta, nywele zimenyolewa vizuri. Akasimama akatutazama. Mama mdogo alikuwa ameshapiga magoti, mikono ameifungua, na nikaona mikono ile ikibaki vile vile, imefunguka, haijui iende wapi.

"Huyu si wangu," akasema.

Mlezi akamuuliza mtoto jina lake, akalitaja. Lilikuwa lenyewe. Akamuuliza mama yake anaitwa nani, akajibu, "Mama Mapacha." Mlezi akatugeukia kama mtu aliyethibitisha.

"Mama, huenda amekonda," mfanyakazi wa kambi akamwambia mama mdogo. "Watoto hubadilika njiani."

"Baba, nimewanyonyesha wote wawili kwa wakati mmoja. Huyu si wangu." Kisha akanitazama mimi, hakumtazama yule wa kambi. "Wangu mmemweka wapi?"

Wakati huo mtoto yule alikuwa amemsogelea pacha wetu mdogo, tuliyekuja naye. Alimshika shavu, akamgeuza uso, akamchunguza vizuri. Halafu akamwachia akarudi nyuma ya sketi ya mlezi wake. Naye alikuwa akimtafuta wa kwao. Nilitaka ardhi inimeze.

Tuliondoka bila kunywa hata maji. Kwenye basi mama mdogo aliupakata mkoba, na mdogo akalala juu ya mkoba. Tulipoanza kuteremka kuelekea Kasulu ndipo aliponisemesha.

"Yule mtoto. Mama yake naye ni Mama Mapacha."

"Ndiyo, mama mdogo."

"Kama mimi."

Hakuwa akinieleza programu. Alikuwa akimwonea huruma mwanamke mwenzake. Lakini mimi niliukumbuka ufunguo, nikaomba Mungu basi likimbie, na lilikuwa halikimbii.

Nilipofika ofisini nilimwuliza mwenzangu bila hata kukaa: "Kaka, Mama Mapacha unadhani ni jina la nani?"

"La huyo mama yako mdogo, si umesema?"

"Si jina. Kila mwanamke aliyezaa pacha anaitwa hivyo. Na kila pacha wa kwanza ana jina moja. Unadhani pale mpakani wamevuka wangapi?"

Akaigeukia kompyuta. Kisha akasema taratibu, "Aisee. Ufunguo mmoja."

Ufunguo mmoja kwa watoto wote hao. Makarani waliojaza walikuwa watu wetu, vijana wa Kigoma waliolelewa vizuri, na hakuna hata mmoja ambaye angeweza kumtazama mama mtu mzima usoni akamwuliza jina lake la usichana. Mama akisema Mama Mapacha, karani anaandika Mama Mapacha na kumshukuru. Adabu zetu ndizo zilizoingia kwenye kompyuta, na kompyuta, isiyo na adabu wala utovu wa adabu, ikaona ni mtoto mmoja anayehama kutoka ufukweni kwenda uwanjani kwenda kambini. Kila jioni ilimfuta mmoja na kumweka mwingine juu yake. Nilikasirika mpaka nikakosa wa kumkasirikia. Nilimtazama mwenzangu, akaonekana mdogo sana chini ya kofia yake. Nikawafikiria makarani, nikawaona wakiinamisha vichwa kusalimia, shikamoo mama.

"Kamusi za awali bado ninazo," mwenzangu akasema. "Zile tatu, kabla ya kuunganishwa. Naweza kubadilisha. Ufunguo ukikutwa umo tayari, isifute. Iweke thamani mpya kando ya ile ya zamani, zote zikae pamoja."

"Badilisha."

"Nikibadilisha tutaziona zote kwa mkupuo."

"Si ndicho tunachokitaka? Badilisha, kaka."

Mama mdogo alikuwa amekaa nje kwenye benchi la ukutani, na mdogo alikuwa akichezea mchanga. Alikataa kubaki Simbo. Alisema ataketi hapo hapo karibu na mashine mpaka ijibu vizuri. Kutoka mezani niliona nusu ya bega lake kupitia dirishani, na mkoba.

Mwenzangu alibonyeza. Chini ya ufunguo ule sasa zikajipanga thamani tatu, za watoto watatu waliokuwa wamelala mmoja juu ya mwenzake.

Ya kambini tuliijua. Alikuwa yule mtoto msafi mwenye kutafuta wake.

Ya uwanjani ilisema mtoto yuko na mama yake mzazi na pacha mwenzake, wanasubiri basi. Mtoto huyo hakuwa amepotea kamwe.

Ya ufukweni ilikuwa ndefu kidogo. Karani wa kule alikuwa mtu wa kueleza. Aliandika kwamba mtoto ameletwa na mwanamke jirani, kwamba mama na pacha mdogo wametangulia kwa boti ya wavuvi wa Katonga, kwamba aliugua kuhara, na kwamba amezikwa.

Niliisoma mara nyingi. Nilitafuta mahali ambapo ningeweza kuishika niseme si yeye, na karani yule, Mungu ambariki, hakuniachia hata upenyo. Nikatazama tarehe. Siku ile mama alipopiga vigelegele kwenye simu, mtoto alikuwa ameshalala chini ya mlima ule. Tulinunua shati. Niliringa ndani ya basi. Nilitaka kuivunja ile kompyuta, na nilitaka vile vile, naona aibu kusema, mistari ile ya zamani irudi, ifute tena, iseme mzima.

Mwenzangu alikuwa amevua kofia. "Dada, nikusindikize?"

"Hapana. Wewe hujui Kirundi."

Nilitoka nikachuchumaa mbele ya mama mdogo. Nilikuwa nimejipangia maneno, yote yakanitoka. Alinitazama kidogo, kisha akamwita mdogo, akamkalisha mapajani na kumziba masikio kwa viganja vyake viwili.

"Sema," akaniambia.

Nikasema. Nilisema kwa Kirundi, kwa maneno machache kabisa, na hata hayo niliyaona mengi.

Hakupiga ukunga. Aliendelea kuyaziba masikio ya mtoto hata nilipokuwa nimemaliza. Kisha akauliza, "Nani alimwosha?"

"Sijui, mama mdogo."

"Yule jirani alikuwa naye mpaka mwisho?"

"Haikuandikwa."

"Alikuwa akimwulizia mwenzake?"

Ilikuwa kamusi ya mahali na mtu, hakuna aliyewahi kufikiria kuweka humo mambo anayotaka kujua mama. Nilikaa chini kabisa kwenye vumbi, nikaegemeza kichwa kwenye goti lake, nikalia mimi. Yeye akawa ananipapasa mgongo kwa mkono mmoja. Mdogo, sikio lake moja lilipoachiwa, akaniuliza kama nimeanguka.

Msiba ulikaa Simbo. Watu wa kanisani walikuja, majirani Waislamu walikuja, akina mama wa Kiha walileta mahindi na kuni. Hapakuwa na kaburi la kwenda, maana njia ya ufukweni ilikuwa imefungwa kwa watu kama sisi. Mama mdogo alikaa kwenye mkeka akiitikia pole za kila mtu. Waliomwamkia Mama Mapacha walishtuka wenyewe katikati ya neno, wakajikohoza. Yeye aliitika bila kubadilisha uso.

Siku moja nilimkuta akifua yale mashati ya njano, yote mawili. Alimvua mdogo lake. Aliyaanika, yakakauka, akayakunja pamoja akanikabidhi.

"Mpelekee yule wa kambini," akasema. "Mama yake akipatikana na yule mwenzake, wawe nayo yote mawili. Pacha hapewi kimoja."

Na mama yake alipatikana kweli, kwa sababu tulibadilisha na ufunguo. Tuliamua kila mama aulizwe jina lake la kuzaliwa, na kazi hiyo ya utovu wa adabu nikapewa mimi. Nilizunguka pale uwanjani, nikichuchumaa mbele ya wanawake walionizidi umri, nikiomba radhi kwanza kisha nikiuliza. Baadhi yao walicheka wakaficha uso kwa kitenge. Mmoja alifikiria kwa muda kabla ya kulitaja, kisha akalirudia peke yake, polepole. Mwingine alinikaripia nikamwambie mama yangu anifunze. Mmoja wao ndiye aliyekuwa na pacha mdogo asiyekubali kula mpaka sahani ya pili iwekwe. Huyo ndiye aliyepata mtoto wa kambini na mashati yote mawili. Nilifurahi, sikatai. Nilifurahi huku nikitamani kumchukia, na sikuweza hata hilo.

Nilimwacha mama mdogo mpaka mwisho. Jina lake nilikuwa nalijua, mama hulitaja akisimulia utoto wao, lakini tulikubaliana kila mama alitamke mwenyewe. Alikuja ofisini na mdogo, akaketi kwenye kiti changu, nami nikasimama kwenye kibodi.

"Mama mdogo, nataka kuandika habari za mkubwa ziwe kamili. Jina lako la kuzaliwa."

"La nini?"

"La ufunguo. Ndilo litakalomtambulisha."

"Hilo usiliandike."

"Tukiandika Mama Mapacha mtachanganywa tena na wengine."

"Tuchanganywe," akasema. Sauti ilikuwa ya chini, lakini mwenzangu aliacha kazi yake akasikiliza, na Kirundi hakijui. "Hilo jina ni la msichana ambaye hakuwa amezaa. Mtu akija kulisoma siku moja, ataangalia ataona mtoto mmoja, atasema huyu mwanamke ana mtoto mmoja. Mimi nilizaa wawili. Andika Mama Mapacha."

Nilimtazama mwenzangu, nikamtafsiria. Aliangalia kiooni, akaangalia kofia yake iliyokuwa mezani, akasema, "Andika, dada. Siku hizi haifuti."

Nikaandika. Ufunguo ule ule, uliotuponza wote. Programu ikaupokea, ikamweka chini yake pamoja na wale wengine, kila mmoja na mstari wake.

Mama mdogo hajui kusoma. Alisogeza uso karibu na kioo, akanyoosha kidole bila kukigusa.

"Yuko wapi hapo?"

Nikamwonyesha mstari wake.

"Ndiye yeye? Hawajamweka mwingine juu yake?"

"Ndiye yeye, mama mdogo. Hakuna aliyewekwa juu yake."

Akamnyanyua mdogo, akamsogezea uso kwenye kioo ili naye aone.